Paka Arobaini na Wanane

Kwa miaka kumi na tisa hakuna mtihani uliotoka katika shule ile bila kupita vidoleni mwa Bi Nukta. Alikuwa karani wa shule. Chumba chake kilikuwa kati ya ofisi ya mwalimu mkuu na stoo ya mipira: dirisha moja, meza moja, kabati la faili lililokataa kufunga, na juu ya kabati mashine ya kuchapa iliyostaafishwa siku kompyuta ilipoletwa. Walimu waliandika mitihani kwa mkono wakamletea, naye akaichapa. Hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa. Kazi aliyoifanya hasa ilikuwa nyingine: kuwasahihisha walimu bila wao kujua.

Mwalimu wa historia, kwa mfano, alikuwa mtu mwema na msomaji, lakini herufi r na l zilikataa kuzoeana naye tangu utotoni. Mwaka mmoja aliandika swali la tano hivi: "Eleza umuhimu wa kula katika uchaguzi." Bi Nukta alilitazama swali lile kwa muda, akajisemea kwamba kwa chaguzi alizowahi kuziona yeye, halikuwa na kosa kubwa. Kisha akairudisha r mahali pake, akaendelea na la sita. Barua za mwalimu mkuu nazo zilianzia "Ndugu Mzazi" zikaishia kwenye sahihi bila kuvuta pumzi hata mara moja. Yeye ndiye aliyezipumzisha, mkato hapa, nukta pale. Jina lenyewe la Bi Nukta alilipata siku aliporudisha kadi ya harusi ya mhudumu wa ofisi kwa sababu sentensi ya mwisho haikuwa na nukta. Harusi ilikuwa keshokutwa.

Sasa, mtu akiwa sahihi miaka kumi na tisa mfululizo na asitokee hata mmoja wa kumwambia ahsante, jambo hilo humkaa kifuani. Chuo cha ualimu kilipotangaza nafasi kwa watumishi wa shule waliotumikia muda mrefu, Bi Nukta alichukua fomu, akaisahihisha makosa mawili, ndipo akaijaza. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu.

"Shikamoo, mwalimu," mumewe alimwamkia jioni ile. Alikuwa fundi viatu, kibanda chake kimeegemea ukuta wa nyumba, na alimzidi mkewe miaka sita.

"Acha mzaha, baba watoto. Chuo hakijanijibu."

"Nani kataja chuo? Mimi darasani kwako nimeingia mwaka tuliooana. Sijafaulu mpaka leo."

Chuo kilimkubali. Darasani walikuwa sitini na wawili, wengi wao vijana, na mkufunzi wao naye kijana, mwenye ndevu chache alizozishikashika kila mara kama anayehakikisha hazijaondoka. Siku ya kwanza alimgawia kila mmoja daftari jembamba.

"Hili ni daftari la tafakuri," alisema. "Kila wiki ukurasa mmoja. Mtajiangalia wenyewe humo ndani, na mimi nitasoma. Wiki hii swali ni hili: kwa nini nataka kuwa mwalimu?"

Bi Nukta aliandika ukurasa safi kama sahani ya mgeni. Alieleza kwamba ualimu ni wito, na kwamba wito huo aliusikia tangu utotoni. Wiki iliyofuata mkufunzi aliingia na madaftari yote kifuani, akayatua mezani.

"Watu sitini na wawili," alisema, "wito mmoja. Huyo aliyewaita alitumia kipaza sauti?"

Darasa likacheka. Bi Nukta hakucheka. Alirudi nyumbani akaandika upya: ana upendo mkubwa kwa watoto. Daftari likarudi na mstari mmoja chini: "Watoto gani, mama? Nitajie watatu."

Alikaa na kalamu mkononi muda mrefu. Wanawe wawili hawakuhesabika, walishakuwa watu wazima wenye ndevu na deni la simu wasizompigia mama yao. Alijaribu kumfikiria mtoto mmoja wa shuleni. Majina yalimjia mamia, kwa mpangilio wa alfabeti, na kila jina alijua lina herufi ngapi na ni lipi ambalo wazazi waliliandika vibaya kwenye cheti cha kuzaliwa. Nyuso hazikuja. Watoto alikuwa akiwasikia wakipita dirishani tu, kama mvua.

Mara ya tatu aliandika kwa hasira, bila kunakili kwanza kwenye karatasi chafu: "Nimechoka kuchapa makosa ya watu wengine."

Mkufunzi akajibu: "Karibu chuoni. Sasa tumeanza kuongea."

Bi Nukta aliona huo ni utovu wa adabu. Zaidi ya hayo, kijana alikuwa amesahau mkato baada ya "sasa," na katika maisha yake yote yeye hakuwahi kukutana na sentensi iliyouhitaji zaidi.

*

Ulipofika mwaka wa pili, wanachuo walitawanywa mashuleni kwa mazoezi ya kufundisha, wiki saba. Chuo, kwa hekima yake au kwa uvivu wake, kilimpanga Bi Nukta katika shule ile ile aliyotoka, darasa la nne, somo la lugha. Na mwalimu wa darasa la nne mwaka ule, ambaye ndiye angekaa nyuma na fomu ya kumkagua, hakuwa mwingine ila mwalimu wa historia.

"Mungu hamtupi mja wake," Bi Nukta alimwambia mumewe akipiga pasi sketi. "Sasa watajua."

"Watajua nini?"

"Watajua tu."

Somo la kwanza alilipanga dakika kwa dakika: utangulizi dakika tano, maelezo kumi, mazoezi ishirini, hitimisho tano. Alichokisahau ni kwamba ubao si kompyuta. Chaki ilimponyoka mara mbili, na mistari yake ilianzia juu kushoto ikateremka kuelekea kulia kama mbuzi wanaoshuka kunywa maji. Wanafunzi arobaini na wanane wakainamisha vichwa upande mmoja wapate kusoma. Wakavibakisha hivyo hivyo mpaka kengele.

Baada ya somo mwalimu wa historia alimpa fomu ya ukaguzi, kwa heshima, kwa mikono miwili. Bi Nukta alitoa kalamu nyekundu, akasahihisha "malidadi" ikawa "maridadi," na "kujiamini sana sana" akaifuta "sana" moja. Ndipo akaona alama aliyopewa. Ilikuwa hamsini na mbili.

Hakukata tamaa. Ubao ulimshinda, lakini madaftari yalikuwa uwanja wake. Aliwapa watoto insha, "Nyumbani Kwetu," akabeba madaftari arobaini na manane mpaka nyumbani, na Jumamosi nzima akakaa nayo. Kila kosa alilipigia mstari, kila mstari akauandikia maelezo pembeni. Alipomaliza, madaftari yalionekana kama yamepata surua. Alijisikia vizuri sana. Hakuna mtoto ambaye angeweza kusema hakufundishwa.

Wiki ya pili insha zilirudi fupi kidogo. Akasema, wanaanza kujifunza kukata maneno. Wiki ya tatu, katikati ya rundo, akakuta ya msichana aliyekaa dawati la tatu karibu na dirisha. Wenzake walimwita Kidoti kwa ajili ya alama ndogo nyeusi juu ya mdomo wake, na sweta lake la shule lilikuwa la mtu aliyemzidi miaka mitatu. Kidoti alikuwa ameandika hivi:

"Nina mama. Nina baba. Nina paka. Paka analala."

Bi Nukta aliipitia mara mbili. Herufi kubwa zipo. Nukta zipo, nne, kila moja mahali pake. Kalamu nyekundu haikupata pa kutua. Akaandika kumi juu ya kumi, na Jumatatu akaisoma mbele ya darasa zima.

"Mmesikia? Sentensi fupi. Safi. Hazina kosa hata moja. Hivi ndivyo anavyoandika mtu anayejua anachofanya."

Kidoti alitazama mezani. Arobaini na saba waliobaki walimtazama Kidoti kama watu walioonyeshwa njia ya mkato.

*

Ijumaa ya wiki ya nne, saa kumi na moja jioni, Bi Nukta alikuwa ameketi karibu na kibanda cha mumewe akisahihisha. Kazi ilikwenda upesi kuliko wiki zote. Tiki, kumi. Tiki, kumi. Akawa anaimba kwa pua. Mumewe alikuwa amegandisha soli akisubiri gundi ikauke, na kwa kukosa la kufanya akachukua daftari la juu, akasoma. Akachukua la pili. Akachukua la tatu.

"Mama watoto, mtaa huu una panya wengi kiasi hicho?"

"Panya gani?"

"Nauliza tu. Naona watoto wako wote wana paka."

"Soma viatu vyako."

"Huyu ana paka. Huyu ana paka. Huyu naye ana paka, na paka analala. Paka wao hawaamki?" Akafungua jingine, akalisogeza kwenye mwanga. "Huyu si mtoto wa jirani hapo nyuma? Mama yake si yule aliyepanda juu ya meza siku paka alipopita sebuleni? Leo anafuga?"

Bi Nukta aliacha kuimba. "Kuna kosa uliloliona hapo?"

"Hakuna."

"Basi."

"Kosa hakuna hata la dawa," mumewe alikubali, akirudi kwenye soli yake. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeongea na kiatu: "Nyani..."

"Nyani nini?"

"Wewe ndiye mwalimu. Malizia."

Hakumalizia. Alihesabu. Paka arobaini na wanane, na wote wamelala.

Jumatatu wakati wa mapumziko alimwita Kidoti. Alikaa kwenye kiti cha mwalimu, mtoto akasimama mbele yake akivuta mikono ya sweta.

"Kidoti, kwenu mna paka?"

"Hatuna, mwalimu."

"Mbona umeandika unaye?"

Mtoto alifikiri. Ilionekana wazi kwamba anatafuta jibu lisilo na kosa.

"Paka naweza kumwandika," alisema mwishowe.

"Na kwenu mna nini?"

"Njiwa."

"Kwa nini usimwandike njiwa?"

"Nilishamwandika siku ya kwanza, mwalimu. Ukamkata."

Bi Nukta alimwambia alete daftari, alifungue mwanzo. Insha ile ya kwanza ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Chini ya wekundu wote, maneno ya mtoto yalikuwa yamekaa kama watu waliojificha chini ya kitanda. Ilibidi afuate kwa kidole ili asome:

"Nyumbani kwetu kuna njiwa yetu ana mguu moja. Bibi alimuokota sokoni. Akitua kwenye bati anateleza mpaka chini alafu anajifanya alitaka kuteleza."

Pembeni, kwa mwandiko wake mwenyewe: "Njiwa *wetu*. Mguu *mmoja*. *Halafu*. Zingatia upatanisho wa sarufi!"

Kwanza alicheka, na kicheko kilimtoka kikubwa mpaka Kidoti akarudi nyuma hatua moja. Kisha kikakatika. Alikumbuka vizuri Jumamosi ile, alikumbuka hata mahali alipokunywa chai, lakini njiwa hakumkumbuka. Alikuwa amemsahihisha ndege mzima bila kumwona.

"Bado anateleza?" aliuliza.

"Eeh. Jana ameteleza mara tatu." Na kwa tahadhari, kama anayejaribu maji kwa kidole cha mguu: "Ya tatu alijifanya sana."

*

Mchana ule chumba cha walimu kilikuwa kitupu, isipokuwa mwalimu wa historia aliyekuwa akipuliza chai yake. Bi Nukta aliketi mkabala naye. Alikuwa amejiandaa kwa miaka kumi na tisa kumwambia mtu huyu jambo fulani, na ameliandaa kwa maneno makali na vituo vyote. Likatoka tofauti.

"Mwalimu, mimi nilikuwa nakusahihishia mitihani yako."

"Najua."

"Unajua?"

"Bi Nukta, mimi siandiki vizuri, lakini kusoma nasoma." Akatua kikombe. "Mwaka ule wa uchaguzi nilikuwa nimeshalala nikakumbuka nilivyoliandika swali. Nikaja asubuhi mbio nikuombe unirudishie karatasi. Nikakuta umeshachapa, na kura imekaa pale kama bibi harusi."

"Na hukusema hata ahsante!"

"Niliona haya. Mtu mzima, mwalimu, nimwambie karani ahsante kwa kunijulia r?" Akacheka, akakuna kichwa. "Ila tangu siku ile niliandika bila wasiwasi. Zamani nilikuwa natunga maswali ya maneno ninayoyamudu tu. Ukiona swali langu fupi la enzi zile, ujue nimekwepa kitu. Nilipojua upo, nikaandika ninachotaka."

Bi Nukta alitaka kuambiwa ahsante, na sasa ameambiwa, tena vizuri, na badala ya kumtuliza imemchoma. Mzee huyu wa r na l alipewa msahihishaji akapanuka. Watoto wamepewa yule yule, wakajikunja mpaka wakaenea ndani ya paka.

Ukurasa wake wa wiki ile katika daftari la tafakuri haukuwa safi. Ulikuwa na maneno yaliyofutwa, mshale mmoja, na doa la chai.

"Nilitaka kuwa mwalimu ili walimu wajue nilikuwa nawasahihisha," aliandika. "Si sababu nzuri, lakini ndiyo niliyokuja nayo. Nilikuwa nasema moyoni, siku nikishika chaki watanitambua. Kumbe mmoja alijua siku zote, na kujua kwake hakujanisaidia kitu. Uliniomba watoto watatu nikashindwa. Leo ninaye mmoja. Ana njiwa asiyekubali kwamba ameanguka. Sababu nyingine ya kuwa mwalimu bado sijaipata, ila tangu nisome habari za njiwa huyo nataka kujua kesho yake alifanya nini. Sijui kama hilo linahesabika."

Mkufunzi hakuandika maoni. Aliandika tarehe: "Jumatano nakuja kukuangalia."

*

Jumatano alikuja kweli, akakaa nyuma kwenye dawati la watoto, magoti yamemfika karibu na zile ndevu. Bi Nukta alikuwa na andalio lake la somo, la dakika kwa dakika. Aliliweka mezani, akasimama mbele ya darasa.

"Leo," alisema, "paka hawaruhusiwi."

Mtoto mmoja alifunga daftari, kana kwamba hana la zaidi.

"Nataka mnisimulie kitu cha kwenu ambacho mimi sikijui. Kwa mdomo kwanza. Kidoti, simama uanze."

Kidoti alianza kwa sauti ya chini, akiwa amemeza nusu ya maneno. Alipofika kwenye kuteleza, mvulana wa nyuma akasema haiwezekani, njiwa wa mguu mmoja hawezi kulala, atalalaje? Mwingine akasema analala kama kuku. Kuku halali na mguu mmoja! Analala, nimeona mimi! Kidoti akageuka, akapandisha mikono ya sweta, akawaeleza wote kwa pamoja namna njiwa wake anavyolala, na kwa kuwa maneno hayakutosha akaonyesha, mguu mmoja juu, macho amefumba, mpaka akamwangukia jirani yake. "Alitaka kuanguka!" darasa likapiga kelele. Baada ya hapo mikono ilikuwa juu kila upande. Mmoja babu yake anaongea na redio na kuijibu. Mwingine kwao kuna mlango usiofunguka, na hakuna anayekumbuka nyuma yake kuna nini. Mwalimu wa darasa la jirani alichungulia kuona kama kuna mtu mzima humu ndani, akamkuta Bi Nukta amekaa juu ya meza, anauliza, "Na redio ikasemaje?"

Walipoanza kuandika zilibaki dakika kumi na mbili. Hitimisho halikufikiwa. Kengele ililia watoto wameinama, na wachache waligoma kutoa madaftari.

Mkufunzi alimsubiri koridoni na fomu yake.

"Muda, hafifu," alisoma. "Utulivu wa darasa, hafifu. Hitimisho, hakuna. Mwandiko wa ubaoni, mama, tutauzungumza siku nyingine." Akashika ndevu. "Nimekupa sitini na nane. Na nina swali."

"Uliza, mwanangu."

"Nyuma ya ule mlango kuna nini?"

"Sijui. Amesema ataandika."

Jioni alibeba madaftari nyumbani. Makosa yalikuwa yametambaa kila mahali kama siafu. Alikuwa amejiapiza: makosa mawili tu kwa kila mtoto, yaliyo muhimu, na chini yake aandike neno moja kuhusu habari yenyewe. Aliposhika daftari la kumi, mawili yalikuwa yameshakuwa matatu.

"Naona," alisema mumewe bila kuinua macho.

"Hili lilikuwa baya sana, baba watoto. Ungeliona."

"Sijasema kitu."

Alimaliza mazoezi, akamaliza chuo, akafaulu, si kwa kupaa wala kwa kuburuzwa. Akapangiwa shule nyingine, mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani, darasa la tatu, watoto hamsini na watano asiowajua. Mtu angependa kusikia kwamba siku ya kwanza ilikwenda vyema. Ilinyesha. Dakika ya tatu ya somo mvua ilipiga bati kwa nguvu kiasi kwamba Bi Nukta hakusikia hata sauti yake mwenyewe. Alijaribu kupaza, watoto wakaona mdomo ukifunguka na kufungika. Alijaribu ubao, na kwa giza lile mistari yake haikusomeka. Akasimama pale katikati, chaki mkononi, na kichwani hana andalio la mvua.

Mtoto wa dawati la mbele alimtazama kwa huruma, akajisogeza ukutani, akapigapiga kwa kiganja nafasi iliyobaki kwenye benchi.

Bi Nukta aliketi. Wakaisubiri mvua ipite, wote pamoja.